Maswali ya Wasomaji: Mita Iwekwe Chini ya Kidevu

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja: mita za mwanga za mkononi. Vijana wameirudia filamu, na filamu haikuonyeshi kosa lako mpaka imetoka kwenye dawa. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu anayeuliza amepoteza picha za harusi, na mimi najua inavyouma.

*Shikamoo mama. Nina miaka 24, naishi Morogoro. Babu ameniachia kamera, Pentax K1000, na nimepiga harusi ya binamu yangu kwa roli tatu za Kodak Gold 200. Kila picha nilifuata mshale wa kamera mpaka ukakaa katikati. Bibi harusi, gauni jeupe mbele ya ukuta mweupe, ametoka na uso mweusi, macho hayaonekani, na picha imejaa chenga. Mama zetu waliovaa mabuibui wametoka wamepauka na mabuibui yamekuwa ya kijivu. Kamera ni mbovu? Ninunue mita ya mkononi? – Msomaji, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Kamera ya babu ni nzima. Imekujibu swali ulilouliza, tatizo ni kwamba uliuliza gauni badala ya kumuuliza bibi harusi.

Mita iliyo ndani ya K1000 inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu na kuingia kwenye lenzi, kisha inachukua wastani wa fremu nzima. Haijui inachotazama. Imepangwa kuamini kwamba ukikoroga kila kilicho mbele yake utapata kijivu cha katikati, kijivu cha shingo ya kunguru wetu wa pwani. Ikiona gauni jeupe na ukuta mweupe inasema mwanga umezidi, punguza. Ikiona mabuibui inasema hapa giza, ongeza. Nyeupe inavutwa chini, nyeusi inavutwa juu, vyote viishie kwenye shingo ya kunguru. Fremu ikijaa nyeupe, kosa linafika stopu mbili (stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuugawa nusu), yaani filamu imepata robo tu ya mwanga iliouhitaji.

Filamu ya rangi ya negativu kama Gold inavumilia mwanga ukizidi. Stopu mbili zikizidi, bado picha ipo. Kwa hiyo mama zako wamesalimika: rudisha negativu zile maabara, omba waziskani tena moja moja, wakitazama buibui mpaka liwe jeusi, nyuso zitarudi zenyewe. Kwa bibi harusi sina habari njema. Mwanga ukipungua stopu mbili, sehemu za giza kwenye uso hazikuandikwa kabisa, na kisichoandikwa kwenye filamu hakuna mashine ya kukirudisha. Chagua zile alizosimama nje au karibu na dirisha, hizo zina matumaini, na mwambie ukweli mapema kabla hajaziona.

Nitakusimulia yangu. Baba yangu alikuwa na studio Ngamiani, Tanga, na nilipofika umri wa kushika kamera alianza kunipeleka upande wa wanawake, maana usiku wa kupamba mpiga picha wa kiume haingii. Mwaka 1986 nikatumwa peke yangu kupiga watoto wa madrasa siku ya maulidi. Wavulana zaidi ya thelathini, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, nyuma yao ukuta uliopakwa chokaa asubuhi ile ile. Nikafuata mshale kama ulivyofuata wewe. Negativu zilitoka nyepesi, unaona gazeti upande wa pili. Kwenye picha kanzu zilionekana, ila nyuso zilikuwa madoa. Mama mmoja alikuja kutoka Pongwe kuchukua ya mwanawe, akaishika karibu na mlango penye mwanga, akaniuliza polepole: "Mwanangu ni yupi hapa?" Sikuweza kumwonyesha.

Baba hakunifokea. Kesho yake alimsimamisha mdogo wangu pale pale uani na kanzu yake, akanipa mita yake ya Sekonic, akanishika mkono mpaka mita ikawa chini ya kidevu cha mtoto, kile kikuba cheupe, yaani kuba dogo la plastiki linalopokea mwanga, kikitazama kamera. Nikasoma. Kisha akamvalisha mtoto koti jeusi, nikapima tena. Mshale ukarudi pale pale. Akamvua, akamsimamisha mbele ya mlango wenye rangi ya kijani. Pale pale. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa mita ile haina habari na nguo ya mtu wala ukuta wake. Inapima mwanga unaomwangukia, na mwanga ule ulikuwa ni ule ule kwa kanzu na kwa koti.

Hiyo ndiyo tofauti unayoinunua. Ukiweka kwenye kamera kile mita ya kikuba ilichosema, kanzu itatoka nyeupe kwa sababu ni nyeupe, buibui litatoka jeusi kwa sababu ni jeusi, na uso utatoka na rangi yake.

Sasa namna ya kushika, maana wengi wananunua mita nzuri na kuishika vibaya. Weka kwenye mita namba ya filamu, kwako 200. Nenda mpaka kwa mtu. Mita iwe karibu na uso wake, kikuba kitazame lenzi ya kamera, kisitazame jua wala taa. Angalia mwili wako usikitie kivuli, mimi hukaa pembeni na kunyoosha mkono. Soma, rudi, weka. Chini ya mwembe ulioshikana majani saa nne asubuhi, kwa Gold 200, nategemea kitu kama 1/125 ya sekunde kwa tundu la lenzi la f/4 au f/5.6. Ukitoka juani inaruka mpaka 1/250 kwa f/16. Hatua mbili tatu za miguu, na stopu nne au tano zimebadilika! Kwa hiyo watu wakihama kutoka kivulini, unapima upya. Wasipohama, hupimi tena: umeshajua mwanga, sasa shughulika na nyuso zao.

Jua la utosi ni kesi ya peke yake. Huku kwetu saa sita mchana jua liko juu ya kichwa, paji la uso linang'aa na macho yamezama kwenye vivuli viwili. Ukikielekeza kikuba juu kwenye jua, utapata kipimo cha paji la uso. Kikuba kikitazama kamera, jua linakigusa nusu ya juu tu, na mita itakupa mwanga zaidi, karibu stopu moja. Fuata hiyo ya pili, macho ya mtu ni muhimu kuliko paji lake. Ila ushauri wangu wa kweli ni kumtoa juani, barazani au kwenye kivuli cha ukuta, halafu upime hapo.

Kwa mwanga wa kutoka nyuma, mfano bibi harusi ana dirisha mgongoni, kikuba kitazame kamera vile vile, tena ukikinge kwa mkono ili kile kijimwanga cha dirisha kisikipate ubavuni. Dirisha litaungua, yaani litatoka jeupe tupu, liache liungue.

Ndani usiku ndiko mita inakolipa gharama yake. Usiku wa kupamba, bibi harusi amekaa kitini, balbu moja iko karibu yake na jamaa wamejaa mpaka mlangoni. Aliyeko mita moja kutoka kwenye balbu anapata mwanga mara nne ya aliyeko mita mbili. Jicho halioni tofauti hiyo, linajirekebisha lenyewe. Mita inaiona. Mimi hupima kwenye hina ya mikono, halafu usoni, halafu kwa shoga yake aliyekaa pembeni, na naandika namba tatu kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Kwa filamu ya 400, nyumba ya kawaida yenye balbu hunipa kama 1/30 kwa f/2. Ukiwa na flashi, kumbuka K1000 inakubali flashi kwa 1/60 na spidi za polepole kuliko hapo tu.

Kuhusu ngozi zetu. Kuna jambo linanikera tangu nilipolijua. Kwa miaka mingi Kodak ilizipelekea maabara kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mzungu, ziliitwa kadi za Shirley, na mashine zilirekebishwa mpaka ngozi ile ionekane sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye kabisa, miaka ya 1990. Kwa hiyo tulipoambiwa kuwa watu weusi hawatoki vizuri kwenye picha, tuliambiwa uongo kuhusu nyuso zetu. Tulikuwa hatujapimwa. Filamu za sasa ni bora zaidi, lakini tabia ya filamu haijabadilika: sehemu za giza zinahitaji mwanga wa kutosha ili ziandike tofauti ndogo ndogo, mng'ao wa shavu, ukingo wa midomo. Mtu mwenye ngozi nyeusi sana, nikishapima kwa kikuba naongeza nusu stopu, mara nyingine moja kamili, kwa filamu ya negativu. Gauni jeupe linavumilia nyongeza hiyo.

Ninunue ipi, umeuliza. Sekonic L-308 inatumia betri moja ya kawaida ya AA na inapima hata flashi. L-398 haihitaji betri kabisa, ila usiku haioni vizuri na flashi haipimi. Kwa harusi chukua ya kwanza. Iliyotumika inafaa, mradi muuzaji akuruhusu kuilinganisha na nyingine.

*Asalaam aleykum dada. Mimi ni mzee wa Mombasa, nimepata kwenye sanduku la marehemu kaka yangu mita ya Weston Master V. Nimetafuta mahali pa betri sikuona. Mshale unacheza kidogo nikiipeleka dirishani. Imekufa? – Msomaji, Mombasa*

Wa aleykum salaam kaka, na Mungu amrehemu marehemu. Mahali pa betri hupaoni kwa sababu hapapo. Ile sahani nyuma ni seleniamu, mwanga ukiigusa inatoa umeme wenyewe, na umeme huo ndio unaosukuma mshale. Ni ya kiwanda cha Enfield, Uingereza, na walioitengeneza walijua kazi yao.

Kabla ya kuihukumu, angalia mambo mawili. Master V ina kifungo cha kufunga mshale usisogee, hakikisha hakijashikwa. Tena nyuma ina kifuniko chenye matundu madogo kinachofunguka kwa bawaba. Kikifungwa, mita inasoma mwanga mkali. Kikifunguliwa, namba za kwenye uso wa mita zinabadilika na inasoma mwanga hafifu. Kama uliipima ndani ya chumba kifuniko kikiwa kimefungwa, lazima mshale ucheze kidogo tu.

Ukimaliza hayo, toka nje siku isiyo na mawingu, saa tatu au saa nne asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako. Kanuni ya wapiga picha wa zamani inasema kwenye jua kamili, f/16, spidi ya shata ni namba ya filamu yenyewe: filamu ya 125, basi 1/125. Pima kitu cha kijivu au nyasi mbichi zilizoko juani. Ikikaribia hapo, nusu stopu huku au huku, mita ni hai. Halafu ijaribu kivulini na ndani pia, ukiwa na mita nyingine pembeni, kwa sababu seleniamu inayozeeka aghalabu inakuwa sahihi kwenye jua na kudanganya kwenye giza. Ikikosea kwa kiasi kile kile kila mahali, unarekebisha kwa kubadilisha namba ya filamu na maisha yanaendelea. Ikikosea vingine juani na vingine ndani, iweke kama kumbukumbu ya kaka.

Adui wake ni unyevu, na pwani yetu ni unyevu mtupu. Itunze kwenye mfuko wake ndani ya kopo lenye kifuniko, na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe tena. Tazama pia sandukuni kama kuna kitu cha plastiki nyeupe chenye umbo la koni iliyobonyea. Kinaitwa Invercone, kinafunga juu ya ile sahani, na kinaigeuza mita kuwa ya kupima mwanga unaomwangukia mtu. Watu wengi wamekitupa wakidhani ni kifuniko cha chupa.

*Dada, nina mita ya Gossen Lunasix 3. Nimeweka betri mpya, ila kila roli inatoka na mwanga pungufu. – Msomaji, Arusha*

Betri zako. Lunasix 3 ilitengenezwa kwa betri mbili za zebaki za volti 1.35, na hizo zimeshapigwa marufuku kwa ajili ya sumu yake. Hizi za kawaida za umbo lile zina volti 1.5, mita inapata nguvu kupita kiasi na kuona mwanga ambao haupo. Tafuta betri za vifaa vya kusikia, namba 675, zinazofanya kazi kwa hewa na kukaa karibu na volti 1.4, pamoja na vipete vya kuzishikilia. Ukishabandua kile kibandiko kinachoziba hewa, betri inaanza kuisha hata usipoitumia, kwa hiyo bandua siku ya kazi.

*Mama shikamoo. Sina uwezo wa kununua mita. Programu ya simu inafaa? – Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba mwanangu, inafaa, ukijua inachofanya. Simu inapima kwa kamera yake, yaani mwanga unaorudi, kwa hiyo itadanganywa na gauni jeupe vile vile kama K1000 ya mwenzako wa Morogoro.

Ila unayo mita nyingine mwilini. Fungua kiganja chako. Nje ya mkono tunatofautiana sana, lakini viganja vyetu vinakaribiana, vyeusi na vyeupe. Kiganja kinarudisha mwanga kama mara mbili ya kile kijivu cha katikati. Kiweke kwenye mwanga ule ule unaomwangukia unayempiga, kitazame kamera, simu isogee mpaka kiganja kijaze kioo chote na kivuli cha simu kisikiguse. Soma, kisha ongeza stopu moja: ikisema 1/250, weka 1/125. Kiganja chako hakitakuwa sawa kabisa na changu, kwa hiyo siku ukikutana na mwenye mita ya kikuba, linganisheni mara moja tu, na uiandike tofauti hiyo nyuma ya daftari. Ni yako mpaka uzeeke. Siku umepaka hina au mafuta, tumia kiganja cha rafiki.

Na kitu kilicho mbali, mfano dau baharini, usisumbuke kukifuata. Kama jua linaloliangukia tanga ndilo linalokuangukia wewe ufukweni, pima kiganja chako papo hapo ulipo.

*Napiga milango ya Mji Mkongwe kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, Ilford HP5. Nimeazimwa mita ya Pentax ya kupima doa dogo. Nikipima mbao napata jibu moja, nikipima ukuta napata jingine, nikipima njumu za shaba jingine tena. Nifuate lipi? – Msomaji, Unguja*

Mita hiyo inaona digrii moja tu, doa dogo kuliko njumu ukisimama karibu, na kila doa inakwambia namna ya kuligeuza kuwa kijivu. Wewe ndiye unayeamua doa lipi liwe nini. Wapiga picha wa Kimarekani Ansel Adams na Fred Archer waliupangia utaratibu jambo hili kule California karibu na mwaka 1940, na kwa mlango unatosha kuutumia nusu yake.

Tafuta sehemu yenye giza kuliko zote ambayo bado unataka mtu aione nakshi yake, kwa kawaida ni bonde la mchongo kwenye fremu, mbao za msaji zilizoshika vumbi na mafuta ya miaka. Ipime. Tuseme mita inatoa 1/15 kwa f/8. Ukiifuata hivyo, bonde litakuwa kijivu na mlango utaonekana umemwagiwa unga. Wewe unalitaka liwe jeusi lenye uhai, kwa hiyo punguza stopu mbili: 1/60 kwa f/8, au 1/15 kwa f/16 ukiwa na tripodi, na nakshi yote itakuwa kali tangu njumu mpaka kizingiti.

Kisha pima ukuta. Uchochoro mzima ukiwa kivulini, chokaa itakupa kama 1/250 au 1/500 kwa f/8, yaani stopu mbili au tatu juu ya kipimo chako, na HP5 inaibeba bila shida. Utepe wa jua ukishaingia ukutani, mita itaruka kupita kiasi, na hapo ukuta utakuwa karatasi tupu kwenye picha. Mimi ningekuja asubuhi na mapema kabla jua halijafika uchochoroni. Njumu zipime kwa kujua tu, usizifuate. Zinang'aa kwa pembe, ukisogea hatua moja zimezima.

Na mwenye nyumba akifungua mlango wakati umeshafunga tripodi, msalimie, kisha pima upya. Ua wa ndani una mwanga wake, na unamwagika mpaka kwenye lile bonde ulilolipima.